Trauti na Mito Yetu Baada ya Masika

Mhariri aliponiomba makala ya historia, bila shaka alitarajia niandike juu ya wakuu wa shule na vikombe vya mpira. Mimi nimechagua samaki. Nataka kueleza hali ya mito yetu ya Nyeri mwishoni mwa masika, wakati mvuvi wa mshipi anapoyatazama maji alfajiri na kujua kama siku hiyo atavua au atarudi kulala.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Jiografia alituteremsha hadi kijito kilicho chini ya shule, akiwa na sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwa kamba ya katani yenye mafundo. Kazi yetu ilikuwa kuizamisha pole pole mpaka isionekane, kisha kuhesabu mafundo. Katikati ya Mei ilipotea kabla ya fundo la kwanza, maana maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Wiki ya pili ya Juni tuliiona imelala juu ya changarawe chini kabisa, na samaki mwenye madoadoa akapita juu yake kama mshale. Nikauliza, "Mwalimu, huyu ametoka wapi?" Akanijibu, "Kaulize maktaba."

Jibu ni hili. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza ambaye miaka michache kabla alikuwa amejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti. Samaki hao walitiwa katika mto Gura, unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ingawa asili ya jamii hiyo ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki. Baadaye wakasambazwa katika mito ya Nyandarua na ya Mlima Kenya: Chania, Mathioya, Thego, Sagana, Ragati, Thiba na mingineyo.

Kwa nini walistawi hapa, karibu na Ikweta? Sababu ni ubaridi wa maji. Trauti hupenda maji yasiyozidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Maji baridi hubeba hewa zaidi. Katika usawa wa bahari, lita 1 ya maji ya nyuzi 10 yaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 25 hubeba 8 tu. Zaidi ya hayo, jike hufukia mayai yake katika changarawe safi, nayo hutaka maji yapite katikati yake bila kukoma. Tope likituama juu yake, mayai hukosa hewa yakafa. Kwa hiyo samaki huyu ataka vitu vitatu: baridi, mwendo na usafi. Misitu yetu ya milimani ilikuwa ikitoa vyote vitatu tangu zamani.

Tusisahau kwamba alikuwa samaki wa watu fulani. Uvuvi wake ulitaka leseni, na katika mito mingi chambo kilichoruhusiwa kilikuwa nzi wa bandia pekee, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Mlowezi alivua kwa starehe. Kijana wa kijijini aliyeonekana ukingoni na ndoana yake alikimbizwa. Mabibi zetu hawakusikitika sana, kwani Agikuyu wa zamani hawakula samaki. Bibi yangu hakuruhusu kitu hicho kikaribie chungu chake mpaka alipoaga dunia. Hata hivyo serikali ya kikoloni iliithamini kazi hiyo kiasi cha kujenga kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo mwaka 1948.

Kisha historia kubwa ikaja kwenye kingo hizo hizo. Tarehe 6 Februari 1952, katika nyumba ya Sagana iliyo kando ya mto wa trauti, Binti Mfalme Elizabeth aliarifiwa kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ndiye Malkia. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa nchini. Misitu ambayo wavuvi waliitembelea kwa burudani ikawa makao ya wapiganaji wa uhuru, nao waliyanywa maji ya vijito vile vile. Dedan Kimathi alikamatwa pembezoni mwa msitu huo mwezi Oktoba 1956. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, nyumba ya Sagana ikawa mali ya taifa. Mkoloni akaondoka, trauti akabaki.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekaa zaidi ya miaka 100. Jembe alilopewa ni lipi? Kwa maoni yangu, kazi yake ni kutoa ushahidi. Palipo na trauti anayezaliana mwenyewe, pana maji mazuri. Anapotoweka, yafaa tuulize kabla hatujaulizwa.

Sasa turudi kwenye masika, maana huo ndio wakati wa kuusikiliza ushahidi wake. Mvua ya njahi huanza Machi na kushika kasi Aprili. Mto hujaa, hubadilika rangi, na samaki hujibanza kandoni au nyuma ya majabali, mahali ambapo mkondo hauna nguvu. Mvuvi asiyetaka kungoja hufunga nzi mkubwa mweusi anayezama, akamburura karibu na ukingo, kwani katika maji ya tope kivuli cheusi huonekana kuliko rangi zinazong'aa. Mwishoni mwa Mei mvua hupungua, na hapo mito huanza kutakata kuanzia juu. Vijito vya msituni hutangulia. Sehemu zinazopita mashambani hufuata nyuma sana. Juni huleta mawingu na baridi. Wadudu wa majini hungoja joto la adhuhuri ndipo watoke, basi mvuvi mwenye akili hunywa chai yake kwanza. Katika maziwa ya juu ya Mlima Kenya, kama Rutundu na Alice, yaliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, tope si tatizo kubwa. Tatizo ni njia ya kufika huko.

Kwa nini msituni maji hutakata upesi? Majani huvunja nguvu ya matone, mboji hunyonya maji, mizizi hushika udongo, kisha ardhi huyaachilia maji pole pole hata wakati wa kiangazi. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alikuwa akisimulia kijito cha utotoni mwake, alikoteka maji safi na kuchezea mayai ya vyura. Kukauka kwa vijito kama hicho ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha jinsi msitu wa Mlima Kenya ulivyoharibiwa kwa ukataji wa miti na uchomaji wa makaa. Upande wa Nyandarua, uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka 2009. Hizo ni juhudi za kusifiwa, lakini uzio huishia msitu unapoishia. Mto hauishii hapo.

Mwaka jana, wiki ya pili ya Juni, nilirudi kwenye kile kijito nikiwa na sahani nyeupe na kamba yenye mafundo. Sahani ilipotea kwenye fundo la pili. Nikapanda kwa miguu hadi mpakani mwa msitu, nikapima tena, nikaiona mpaka chini. Basi uchafu uliingia kati ya sehemu hizo mbili. Niliporudi nilihesabu mashamba 11 yaliyolimwa hadi ukingoni bila hata mti mmoja. La saba lilikuwa la marehemu baba yangu, ambalo sasa ni langu. Baba aliikata mikuyu ya ukingoni ili apate nafasi ya kupanda kabichi, na kabichi hizo ndizo zilizonilipia karo ya shule hii. Sina haki ya kumlaumu, wala sina haki ya kuendelea.

Tangu siku hiyo nimeacha mita 10 bila kulima, nami nimerudisha mikuyu na mianzi mahali pake. Mikaratusi sikuipanda, kwa kuwa hunywa maji mno. Naomba wenzangu wenye mashamba kando ya kijito wafanye vivyo hivyo. Nanyi vijana, samaki mkunje angali mbichi: chukueni sahani, mpime kila wiki kuanzia Mei hadi Juni, mwandike idadi ya mafundo katika daftari, na daftari hilo lirithiwe na kidato kitakachofuata. Siku ya mkutano wetu ujao nitaileta sahani yangu. Tutateremka pamoja mpaka ukingoni, wazee kwa vijana, tuone inapotea kwenye fundo la ngapi.