Mjamzito na Dawa za Saratani

Aminopterini ilipata jina mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston, Marekani, alipotangaza kwamba watoto wenye saratani ya damu walipata nafuu ya muda baada ya kupewa dawa hiyo. Huizuia asidi ya foliki isifanye kazi, na seli bila asidi hiyo hazigawanyiki. Ndiyo asidi ile ile ambayo wajawazito hupewa vidonge vyake kliniki ili mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Kinachoidhoofisha saratani, basi, hukidhoofisha pia kijusi. Mwaka 1952 J. B. Thiersch alieleza jinsi alivyoitumia kuwatoa mimba wanawake wagonjwa. Mimba nyingine hazikutoka, na katika miaka iliyofuata walizaliwa watoto wenye mifupa ya fuvu isiyokamilika, taya dogo na viungo vifupi.

Baada ya hapo hofu ilitawala. Mjamzito mwenye saratani alishauriwa atoe mimba, au asubiri hadi ajifungue. Kwa mwenye saratani kali ya damu, kusubiri ni hukumu ya kifo: ugonjwa huo huweza kuua kwa majuma machache.

Jijini Mexico, Agustín Avilés na wenzake waliwatibu wajawazito bila kusubiri, kisha wakafanya jambo lenye thamani kubwa zaidi: hawakuwaacha watoto waliozaliwa. Taarifa yao ya mwaka 2001 ilihusu watoto 84, waliofuatiliwa kwa wastani wa takriban miaka 19. Walipimwa damu, ukuaji na maendeleo ya shule. Baadhi walikuwa tayari wazazi. Hakuna aliyekutwa na kasoro ya kuzaliwa.

Mwaka 2015 kundi la Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, lililinganisha watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakiwa wajawazito na wengine 129 wa mama wazima. Akili na moyo havikutofautiana. Kilichowarudisha nyuma watoto ni kuzaliwa njiti, na wengi walikuwa njiti.

Ushauri ukageuka: tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, huepukwa katika miezi mitatu ya kwanza, viungo vinapoumbika, kisha dawa nyingi huruhusiwa, na mimba huachwa ikomae. Matibabu husimamishwa majuma kama matatu kabla ya kujifungua, chembe za damu za mama na mtoto zipate kurudi. Trastuzumabu, dawa ya saratani ya matiti, bado hukatazwa, kwa kuwa hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni.