Zambarau ya Ulaya Ilikuwa Inaning'inia kwa Miti Yetu

Wasee, ile karatasi ya litimasi ya Kemia, ile inageuka nyekundu ukiitia asidi, mnajua rangi yake asili yake ni nini? Ni likeni. Yaani kile kitu cha kijivu kinachoshika magome ya miti na mawe, tukikiona tunasema mti umepata ugonjwa.

Si ugonjwa. Na si mmea. Ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja: mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu inatoa nyumba na kushika maji. Haina mizizi, inanyonya maji na vitu vingine kutoka hewani, ndiyo maana likeni nyingi hazivumilii moshi wa mjini.

Aliyesema kwanza waziwazi kwamba hapo kuna viumbe wawili ni Mswisi, Simon Schwendener, miaka ya 1860. Wataalamu wenzake wengi walimkataa. Lakini sikia alivyoeleza: kuvu ni bwana, mwani ni watumwa wake. Hiyo ni 1869. Soko la watumwa Unguja lilikuwa bado wazi, likafungwa 1873. Jamaa aliangalia hadubini akaona dunia ya wakati wake.

Na Unguja hiyohiyo ilikuwa inauza likeni.

Pwani yetu kuna aina zinazoitwa Roccella, nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwa matawi. Waswahili waliziita marere. Karne ya 19 marere yalikuwa mzigo wa biashara kabisa: yanakusanywa, yanafika Unguja, yanapakiwa melini kwenda Ulaya. Huko kwa kawaida likeni kama hizi zilipondwa, zikalowekwa kwa mkojo uliochacha (eeh, mkojo) kwa wiki kadhaa, zikawa zambarau. Kule Florence kulikuwa na familia tajiri, Rucellai, na jina lao lenyewe limetokana na rangi hii. Zambarau ya konokono wa baharini ilikuwa ghali kupindukia, kwa hivyo likeni ndiyo ilikuwa njia ya mkato ya kuonekana mkubwa. Shida moja: jua likiipiga, inafifia.

Sasa, tukisimuliwa pwani ya zamani ni pembe, karafuu na watumwa. Sawa, hayo ni mazito, hasa la mwisho, na sisemi yapunguzwe. Lakini kwangu kuacha marere nje ni kuwanyima watu wa pwani ujuzi wao. Kuna mtu alijua ni nyuzi gani za kuchuma na zipi za kuacha, na hakuna kitabu cha shule nimeona kinamtaja.

Biashara iliuliwa na kijana wa rika letu. 1856, London, William Perkin, miaka 18, yuko likizo anajaribu kutengeneza kwinini kutoka kwa lami ya makaa ya mawe. Akashindwa, akabaki na uchafu mweusi uliotoa zambarau. Baada yake zikaja rangi zingine za kiwandani, rahisi na za kudumu, na polepole meli zikaacha kuulizia marere.

Likeni bado zinaota. Neno ndilo limepotea. Ukienda Mombasa ama Lamu, uliza vijana wenzako marere ni nini, kisha uliza nyanya zao.