Kukanda Mwili Si Jambo la Juzi

Hapa Kampala tunaona mabango ya nyumba za kukanda mwili, na wengi wetu tunadhani jambo hili limeletwa na Wazungu. Wazee wengine huona haya hata kulitaja mbele ya watoto. Historia ya nchi yetu inaeleza vingine.

Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikuwa Kahura, Bunyoro. Alimshuhudia mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikaoshea mikono na tumbo. (Pombe kwetu ni haramu, lakini tunasimulia yaliyotokea.) Mtoto alipotoka, mganga hakushona kizazi. Alikikanda kwa mikono mpaka kikakaza. Jeraha la tumbo alilibana kwa sindano za chuma, akalipaka dawa ya mizizi. Mama na mtoto walipona, na Felkin akaiandika habari hiyo mwaka 1884 katika jarida la tiba la Edinburgh. Kizazi kikikaza, mishipa hubanwa na damu hupungua. Hata leo wakunga hufundishwa kukikanda damu inapozidi, pamoja na kutumia dawa.

Karibu miaka 850 kabla ya mganga yule, Ibn Sina aliandika juu ya kukanda katika Al-Qanun fi al-Tibb. Alisema kukanda kwa nguvu hukaza mwili, na kwa upole huulegeza. Alitenganisha pia kukanda kabla ya mazoezi, ili kuuandaa mwili, na baada yake, ili kuondoa uchovu.

Huko Pwani mkunga humkanda mzazi kwa mafuta ya nazi au ya ufuta katika zile siku 40. Sisi tunaona faida yake si ya mgongo tu: mama aliyechoka na mwenye hofu hupata mtu wa kumshika na kumsikiliza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka kukanda miongoni mwa njia za kumpunguzia mama uchungu wa kuzaa, akitaka mwenyewe.

Basi akina bibi wanaojua kazi hii waulizwe wangali hai. Ila tumbo la mjamzito lisikandwe kwa nguvu ili kumgeuza mtoto. Na mguu mmoja ukivimba ghafla baada ya uzazi, usiguswe kwa mafuta. Huenda damu imeganda ndani, na mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo.