Roho kwa Mungu, Ardhi kwa Wadhamini: Wasia wa Waingereza Kabla ya 1540

Katika Uingereza ya karne ya 14 na ya 15, mali ya marehemu ilikuwa chini ya mamlaka mbili: fedha, mifugo, vyombo na nguo zilisimamiwa na mahakama za Kanisa, ambazo ndizo zilizothibitisha wasia, ilhali ardhi ilitawaliwa na sheria ya mfalme, iliyokataza kuigawa kwa wasia isipokuwa katika baadhi ya miji yenye desturi zake, London ikiwamo. Kwa kawaida ardhi ilimwendea mwana wa kiume aliye mkubwa, ingawa huko Kent ndugu wa kiume waligawana sawa kwa sawa.

Mwenye kuusia alianza kwa kuikabidhi roho yake kwa Mungu, Bikira Maria na watakatifu wote, akataja mahali pa kuzikwa, kisha akatoa fedha kwa altare kuu ya parokia kufidia zaka alizosahau kulipa. Mkulima aliweza kuacha ng'ombe, ambaye wasimamizi wa parokia walimkodisha ili wapate fedha za kununulia nta ya mishumaa, na aliyejiweza zaidi alilipia misa 30, kwa kuwa Kanisa lilifundisha kwamba sala za walio hai huzipunguzia mateso roho zilizo toharani.

Matajiri waliotaka misa za kudumu walihitaji ardhi ya kuzigharimia, na hapo walikutana na sheria ya Edward I ya 1279, iliyozuia ardhi kuingia mikononi mwa Kanisa, hata ikawabidi kununua kibali cha mfalme; maana Kanisa halifi, na pasipo kifo bwana mwenye ardhi hapati ada ya urithi wala ulezi wa mrithi mdogo. Kuhusu watoto na wajane, wenye ardhi walitumia mbinu nyingine: waliwakabidhi wadhamini ardhi wangali hai, wakabaki kula mapato yake, na baada ya kifo wadhamini wakaigawa kama walivyoagizwa. Mwaka 1391 Bunge lilikataza wadhamini kulishikia Kanisa ardhi kwa njia hiyo pasipo kibali.

Henry VIII, aliyekuwa akipoteza ada za urithi na ulezi kila ardhi ilipopitia kwa wadhamini, aliifunga njia ya wadhamini mwaka 1536, lakini malalamiko ya wenye ardhi yalimlazimisha kuruhusu, mwaka 1540, wasia wa theluthi mbili za ardhi iliyoshikiliwa kwa utumishi wa kijeshi, na wa ardhi yote iliyolipiwa kodi ya kawaida. Miaka 7 baadaye serikali ya mwanawe, Edward VI, ilitaifisha mali zilizowekwa wakfu kwa misa za wafu, hivyo Waingereza wakawa wamepata uhuru wa kuusia ardhi na kupoteza mojawapo ya sababu kuu zilizowafanya mababu zao wautamani.