Kusoma chuo kikuu ukitoka Fizi: njia, pesa na karatasi zinazookoa miaka yako

Kila mwaka, kisha matokeo ya mtihani wa taifa kutangazwa, vijana wa Baraka na Fizi wanapakana poda nyeupe kichwani na kuimba barabarani. Poda ikishaoshwa, swali linabaki nyumbani: sasa mtoto anaenda kusoma wapi, na kwa pesa gani? Habari hii inaeleza maisha ya mwanafunzi wa kwetu chuoni, na jambo moja ambalo wazazi wengi hawaelezwi: namna ya kulinda miaka ya masomo wakati vita inakata njia.

Diploma inafungua mlango gani?

Mtihani wa taifa unafanywa Kongo tangu 1967. Mwenye kupata asilimia 50 ao zaidi anapewa diploma ya Serikali, na diploma hiyo ndiyo inayoombwa kwa kujiandikisha chuo kikuu. Lakini primeri ya bure, iliyoanza 2019, inaishia kwa primeri. Chuo kikuu kinalipwa na familia.

Kwa miaka mingi, kwa mtu wa Ngandja, Lulenge, Mutambala ao Tanganyika, kusoma chuo kikuu kulikuwa kuhama. Wengi walipanda Bukavu: kwenye Chuo Kikuu cha Serikali (UOB), Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB) kilichoanza 1989, UEA kule Panzi, ao kwenye taasisi kama ISP inayotoa walimu na ISDR ya maendeleo ya vijijini. Wengine wanasoma Uvira, Kalemie ao Lubumbashi. Wengine wanavuka mpaka kuelekea Burundi na Tanzania.

Siku hizi Baraka yenyewe iko na vyuo. Faida yake ni kubwa: mwanafunzi anakula na kulala kwao, na anaweza kusaidia shamba ao biashara ya mama. Lakini kuna shida moja. Maprofesa wengine wanatoka mbali, wanakuja siku chache na kufundisha somo nzima mbio mbio. Njia ikifungwa, somo linangoja, na mwaka unarefuka. Kabla ya kulipa, uliza kama chuo kinatambuliwa na serikali, hata kama kiko karibu na nyumbani. Chuo kisichotambuliwa kinaweza kukuacha na diploma ambayo hakuna mwajiri ataipokea.

Njia ni somo la kwanza

Kutoka Baraka mpaka Uvira ni karibu kilomita 100, kupitia Lusenda, Mboko na Makobola. Wakati wa mvua, mito inajaa na magari yanalala njiani. Kuna vizuizi pia, na kila kizuizi kinaomba kitu. Kisha Uvira, mwenye kuenda Bukavu bado iko na uwanda wa Ruzizi na mlima wa Ngomo. Wengine wanachagua ziwa mpaka Kalundu, lakini upepo ukivuma, boti nazo zinangoja.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa Fizi anafikaka kila mara nyuma ya wengine. Zamani kuchelewa kwa wiki mbili haikuwa kitu kikubwa: ulinunua silabusi, ukasoma usiku, ukapita mtihani. Leo, kama tutakavyoona, wiki mbili zinaweza kukupotezea alama.

Pesa iliyoandikwa na ile isiyoandikwa

Chuo kinabandika ukutani pesa ya masomo, inayolipwa kwa vipande. Mara nyingi inahesabiwa kwa dola, wakati mama ameuza ndagala, mawese ao muhogo kwa franga. Dola ikipanda, kazi ya mama inapungua hata kama ameuza sawa na jana. Na asiyemaliza kulipa anaweza kuzuiliwa kuingia mtihani.

Tena kuna pesa ambayo haiandikwi ukutani: chumba cha kupanga, makala, maji, silabusi, kopi, megabaiti za simu, koti jeupe kwa wa udaktari na wauguzi, safari ya staji, na kuchapisha kitabu cha mwisho wa masomo. Wanafunzi wanajipanga watatu ao wane kwa chumba kimoja na wanapika kwa zamu. Fungu la ndagala kavu na unga wa muhogo kutoka nyumbani linaweza kushika mwezi. Kwa hiyo mzazi asiye na pesa ya kutuma kwa simu bado anaweza kumsomesha mtoto kwa gunia.

Wengine wanapokelewa na baba mdogo ao shangazi mjini. Hapo msichana anabeba mzigo mara mbili: anachota maji, anapika, analea watoto wa nyumba, kisha anafungua daftari wakati wengine wamelala. Kama unapokea mtoto wa ndugu, mpe masaa ya kusoma. Chakula peke yake hakimwezeshi kupita.

Lugha ya oditware

Nyumbani ni Kibembe, sokoni Kiswahili, lakini profesa anafundisha kwa Kifaransa. Wengi wa kwetu walizaliwa ao kukulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Tanzania 1996. Kule pia walifuata programu ya Kongo, lakini nje ya darasa maisha yalikuwa ya Kiswahili. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi anaweza kujua jibu na kukosa namna ya kuliandika. Dawa inayotumiwa ni kikundi: watano sita wanakaa pamoja, mmoja anaeleza somo kwa Kiswahili, kisha wote wanaliandika tena kwa Kifaransa. Aibu ya kuuliza ndiyo inarudisha wengi mwaka, ao inawapeleka kwenye dhahabu ya Misisi.

LMD: hesabu mpya

Mzazi aliyesoma zamani anajua gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ulipanuliwa kwa vyuo vya inchi nzima. Sasa lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari wa utafiti. Kwa hiyo « lisansi » ya leo si ile ya baba. Usishangae mtoto akiimaliza mbio.

Masomo yanahesabiwa kwa kredi: 30 kwa muhula, 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Kredi inahesabu masaa ya darasani pamoja na kazi unayofanya mwenyewe. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza: kazi za kila wiki zina alama zake.

Lakini kredi iko na uzuri mmoja. Ukishaipata, ni yako. Ukikatizwa katikati, masomo uliyopita hayafutiki, na unaweza kuomba chuo kingine kiyatambue.

Vita ikikata mwaka

Februari 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa M23. Desemba ya mwaka huo vita ikafika Uvira, na watu wengi wakakimbilia Burundi, wengine wakashuka upande wa Fizi. Wanafunzi walikuwa kati yao. Aliyekimbia na karatasi za alama zake iko na kitu cha kuonyesha mlango wa chuo kingine. Asiye nazo anaweza kuambiwa aanze tena mwaka wa kwanza, wakati wazazi walishauza kila kitu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, fanya haya tangu leo, hata kama kuna amani:

- Kila mwisho wa mwaka omba releve, ni kusema karatasi ya alama na kredi, yenye sahihi na muhuri. Usingoje mwisho wa masomo.
- Tunza risiti zote za malipo na kadi ya mwanafunzi.
- Piga picha za diploma ya Serikali na za kila releve, zitume kwa simu ya mzazi na kwa barua pepe yako.
- Acha kopi moja Baraka ao kijijini, nyingine kwa ndugu mahali pengine.
- Ukihama, omba kwanza chuo kipya kikuandikie kredi ngapi kinakubali, kisha ulipe.

Mzazi, safari ijayo ukiongea na mtoto kwa simu, usiulize tu kama amekula na kama amelipa. Uliza pia: karatasi za mwaka jana ziko wapi?