Mchoraji Alifariki 1986, Lodi Lofa Akabaki

Philip Ndunguru alifariki dunia mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 24. Wengi waliovunjika mbavu kwa kazi zake hawakuwahi kulijua jina hilo, na ukilitaja leo hapa Mzinga, Morogoro, huenda ukaulizwa alikuwa akichezea timu gani. Lakini taja Ndumilakuwili. Taja Lodi Lofa, Madenge au Komredi Kipepe, uone mtu mwenye mvi zake anavyokusimulia mkasa aliousoma akiwa shule ya msingi, tena kwa kuigiza sauti.

Wahusika hao walikuwa wa jarida la Sani, na jina la jarida lenyewe lilitokana na majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Mimi ni mpenzi wa katuni wa siku nyingi, na nikiulizwa katuni za Tanzania zina upekee gani, jibu langu ni moja: kwetu mhusika ni mkubwa kuliko aliyemchora. Marekani mtoto anaweza kukutajia Stan Lee na Jack Kirby kama anavyotaja majirani zake. Sisi tulimjua Madenge, basi. Nani aliyeshika kalamu lilikuwa jambo la ofisini.

Hali hiyo haikuanzia kwa Sani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Uhuru, la chama cha TANU, lilikuwa na Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory. Ilikuwa enzi ya Azimio la Arusha, na kurasa nyingine za gazeti zilijaa hotuba na maagizo. Chakubanga alikuwa na shida zake mwenyewe: pombe, wanawake, wakubwa, kukosa hela. Nadhani chama kilimvumilia kwa kuwa kilielewa kwamba kuna watu walionunua gazeti kwa ajili yake, wakazipitia hotuba kwa bahati. Huko Kenya, wasomaji wa Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechorwa kwa zaidi ya nusu karne na mkono uleule mmoja. Gitau alifariki mwaka 2016. Kwetu hatukupata bahati ya mkono mmoja kudumu hivyo.

Kati ya Chakubanga na Sani kulikuwa na hadithi za picha za kupigwa kwa kamera. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo, alitoa jarida la Film Tanzania, ambamo waigizaji walipigwa picha na maneno yao yakawekwa juu ya picha. Wakati huohuo yalikuwa yakiingia majarida ya Lance Spearman kutoka kampuni ya Drum, jasusi mwenye kofia na sigara ambaye vijana wa mjini walimwiga hata mwendo. Kwa macho yangu Film Tanzania haikufika mbali, maana kamera ina ubahili wake. Ukitaka mtu aruke ukuta, lazima apatikane mtu wa kuruka ukuta. Mchoraji anahitaji wino tu.

Miaka ya 1980 ndiyo ilikuwa ya Sani. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na karatasi nayo ilikuwa adimu. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kilianza kazi katikati ya mwongo huo. Ndani ya ukame huo ndipo Ndunguru alipochora watu wanaobangaiza: tapeli mwenye maneno matamu, bwana mkubwa asiye na kitu mfukoni, mtoto asiyeshikika. Hakuna aliyevaa joho wala aliyepaa angani. Ushujaa wa wahusika wake ulikuwa kuimaliza siku bila kuumbuka, na mara nyingi waliumbuka.

Morogoro ulikuwa mji wa kufaa kwa jarida la namna hiyo. Ulikuwa mji wa viwanda: turubai, ngozi, viatu, nguo za polista. Hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, kulikuwa na kiwanda cha jeshi chenye jina la mahali. Palikuwa pia na wanachuo wa Mzumbe na, kuanzia mwaka 1984, wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Watu wenye mshahara mdogo na muda wa jioni ndio wasomaji wazuri kuliko wote. Nakala moja ilipita mikono mingi, ikarudi kwa mwenyewe bila jalada, na safari yake ikaishia kwa mama wa vitumbua. Ndiyo sababu kumpata leo mtu mwenye Sani za zamani ni kazi ngumu. Tulizisoma hadi zikaisha.

Ndunguru alipofariki, wahusika wake hawakuzikwa naye. Walipewa wachoraji wengine, John Kaduma akiwa mmojawapo, na Lodi Lofa akaendelea na maisha yake. Hapa wapenzi hugawanyika. Wapo wanaosema mhusika angepumzishwa kwa heshima ya aliyemzaa. Mimi siko upande huo. Wachoraji waliofuata walijifunza kazi humohumo, ndani ya mwili wa mtu waliyemkuta. Ila ukiwa na jicho utaona tofauti: mkono mmoja unapinda goti la mhusika kama anataka kukimbia, mwingine unamsimamisha wima kama yuko gwaride.

Miaka ya 1990 milango ilifunguka. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, magazeti binafsi yakachipuka, na kila gazeti likataka katuni yake. Mwaka huohuo Godfrey Mwampembwa, kijana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alivuka mpaka kwenda Nairobi kuchorea Daily Nation, akawa Gado. Mwaka 1996 alitoa Abunuwasi, kitabu cha katuni kwa Kiswahili, kupitia Sasa Sema ya Nairobi. Kwangu hicho bado ni kipimo cha kitabu cha katuni cha Kiswahili kinavyotakiwa kuwa: kicheko cha zamani, mwendo mpya, kisanduku kisichopoteza nafasi. Masikitiko yangu ni kwamba siasa ilimchukua Gado moja kwa moja, na vitabu vya hadithi vikabaki nyuma.

Nyumbani tulibaki na James Gayo na Kingo wake, na Masoud Kipanya, ambaye kapanya kake kadogo husema pembeni kile ambacho wahusika wakubwa wanaogopa kusema. Kipanya huchora mistari michache, nafasi nyeupe nyingi, na neno moja linalouma. (Mwaka 2022 alizindua gari la umeme. Mchora katuni bwana, usimpangie.)

Mashirika ya maendeleo nayo yaligundua kwamba katuni inasomwa, na kuanzia hapo wahusika wengi wakaanza kutoa mafunzo: kondomu, mikopo, kilimo. Mengi ya hayo siyakumbuki. Ninayemkumbuka ni DJ Tee wa katuni za Shujaaz, kwa sababu anaongea kama vijana wa stendi ya Msamvu na makosa yake si ya kutungiwa somo.

Katika vitabu vya karne hii, kinachonikaa akilini ni Madame Livingstone, cha mwaka 2014. Mchoraji wake ni Barly Baruti wa Kongo, na kimeandikwa kwa Kifaransa. Kinahusu Vita ya Kwanza ya Dunia katika Ziwa Tanganyika, na meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Rangi za maji yake zinakufanya utake kufuta mikono kabla ya kufungua ukurasa. Tena ziwa ni letu, na meli ni yetu.

Ndipo wivu unaponishika, maana Morogoro nayo ina kisa chake. Kisabengo, mbabe wa Kizigua, alijenga hapa mji wenye ukuta na minara, binti yake Simbamwene akautawala baada yake, na misafara ya kwenda bara ikapita mlangoni pake. Msafiri Stanley aliuona mwaka 1871. Mwaka uliofuata mafuriko yakaupiga. Kisanduku cha kwanza nimeshakipanga: ukuta, mlima nyuma, na binti juu ya mnara akihesabu mizigo ya wapita njia. Cha pili, wapagazi wakinong'ona kuhusu ushuru. Kalamu sina, mistari yangu haifai hata kwa ubao wa kinyozi, lakini anayeitaka hadithi hii aje aichukue bure.