Ndege za mfano: Swali la bawa lisigeuzwe la droni

NDEGE ya mfano ni chombo kidogo kilichoundwa kwa kuiga ndege halisi, au kwa kufuata kanuni zile zile za kuruka, kisha kikarushwa kwa mkono, kwa utepe wa mpira uliosokotwa, kwa injini ndogo au kwa mota ya umeme.

Baadhi huongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama ardhini. Nyingine huachiliwa zijiendee hadi zitue zenyewe.

Humu nchini chombo hiki huchanganywa na droni, na mkanganyiko huo ndio unaoharibu mazungumzo ya wapenzi wake kila wanapokusanyika.

Tuseme kijana wa Kangeta, katika eneo la Igembe, Kaunti ya Meru, anauliza ni kwa nini ndege aliyoichonga kwa stairofomu huinua pua, husita hewani, kisha huporomoka. Wa kwanza atamjibu kuhusu bei ya droni zenye kamera. Wa pili ataleta habari za ujasusi. Wa tatu, na Kangeta hakosekani, atauliza iwapo droni haziwezi kubeba miraa badala ya pikapu zinazotimua vumbi kuelekea Nairobi.

Mtu huyo wa tatu ana sababu zake. Kangeta ni jina la mji na pia ni jina la aina ya miraa iliyofika hadi masoko ya London. Zao hili hupoteza thamani likinyauka, kwa hivyo ndege na riziki ya Igembe haviachani. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikaizuia Machi 2020 hadi Julai 2022. Kila lilipofungwa soko, wakulima walihesabu hasara kwa safari za ndege zilizokatizwa.

Hata hivyo, hakuna lolote kati ya hayo linaloizuia ndege ya kijana yule kuanguka.

Jibu lake ni kitovu cha uzito. Katika ndege nyingi za mfano zenye mabawa ya kawaida, chombo hutakiwa kusawazika kikiegemezwa kwenye vidole viwili, mahali palipo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Uzito ukizidi nyuma, pua hupanda, mwendo hupungua na bawa hukosa nguvu ya kuinua. Tiba ni kipande cha udongo mzito au sarafu kwenye pua, kikiongezwa kidogo kidogo huku ndege ikijaribiwa kwa kurushwa taratibu juu ya nyasi.

Ndiyo maana aulizaye hana budi kutaja urefu wa mabawa, uzito wa chombo, mahali kinaposawazika na hali ya upepo wa siku hiyo. Naye ajibuye aanze na hayo. Asiye na neno juu ya bawa asubiri zamu ya mada yake, maana habari za miraa na droni zinastahili kikao chake zenyewe.

Mchezo huu una historia ndefu kuliko urubani wenyewe. Mwingereza George Cayley alirusha ndege ndogo isiyo na injini mwaka 1804. Mfaransa Alphonse Pénaud, mnamo Agosti 1871 jijini Paris, alirusha kidude chenye rafadha iliyozungushwa na mpira uliosokotwa, nacho kikaenda takriban mita 40 kwa sekunde 11. Kilikuwa na mkia ulioinamishwa kidogo ili kujisawazisha hewani.

Mwaka 1878, Wilbur na Orville Wright, wakiwa bado watoto, waliletewa na baba yao kidude cha kuruka cha mtindo huo wa Pénaud. Miaka 25 baadaye, Desemba 1903, waliirusha ndege yao wenyewe ikiwa na mtu ndani.

Lakini mfano si ndege kubwa iliyopunguzwa tu. Ukipunguza kila kipimo kwa nusu, eneo la bawa hubaki robo, nao uzito, kwa vifaa vile vile, hubaki thumuni. Kila kipande cha bawa hubeba mzigo mdogo zaidi, na chombo huweza kuruka polepole. Ndiyo sababu karatasi iliyokunjwa darasani huelea.

Nyanda za juu zina kodi yake. Katika mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ile ya Mombasa, na ndege huhitaji mwendo wa asilimia saba au nane zaidi ili ibebwe na bawa lile lile. Rafadha nayo husukuma hewa kidogo. Anayefuata vipimo vya mtu wa pwani bila kuuliza mwinuko atalaumu gundi bure.

Kuhusu betri za lithiamu, seli moja haipaswi kuzidi volti 4.2 inapochajiwa wala kushuka chini ya volti 3. Iliyovimba isichajiwe tena, na yoyote isiachwe ikichajiwa pasipo mtu, kwa kuwa hushika moto.

Sheria ndiyo sehemu ambayo neno droni haliepukiki. Kanuni za kwanza za vyombo visivyo na rubani, za mwaka 2017, zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata. Zilizofuata zilichapishwa mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA. Zinataka usajili na idhini, zinaweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi, na zinakataza kuruka karibu na viwanja vya ndege, au umbali usiofika mita 50 kutoka kwa watu na majengo. Umiliki ni wa watu waliotimiza umri wa miaka 18.

Kwa hivyo mwanafunzi mwenye chombo cha rimoti asikisie kimo katika kundi gani. Mzazi au mwalimu aulize KCAA kabla ya kununua, akitaja uzito na namna kinavyoongozwa. Ile ya kurushwa kwa mkono au kwa mpira inatosha kufunza karibu yote yaliyoelezwa hapa juu, na gharama yake ni wembe, gundi na subira.

Kuhusu mahali pa kurushia, Kangeta si rahisi. Vilima vya Nyambene ni vya miteremko, na mashamba yamejaa miraa. Uwanja wa shule asubuhi na mapema, kabla ya upepo kuamka, ndio bora, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Ndege ikinasa juu ya mti wa miraa, usiuparamie. Mti wa aina hiyo ni mali ya thamani, na mgeni anayeonekana matawini hupata shida kueleza kuwa alifuata stairofomu. Mtafute kwanza mwenye shamba, naye atamtuma mvunaji wake aishushe.